Nondo Hakatwi

4 Februari

Bibi, mke wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua utasema mume gani huyu anayemwamkia mke wake, lakini adabu kwanza, utani baadaye. Natumaini macho hayajazidi kukusumbua. Nondo akikusomea barua hii, mwambie asome polepole, asikimbize maneno kama anakimbizwa na mbwa.

Mimi huku mzima. Kazini wamenipa jengo jipya la kuhudumia, lifti tatu, zote kuukuu, zikipanda zinalia kama mbuzi. Mchana kutwa niko ndani ya shimo la lifti na taa kichwani, nikitoka nje jua linanichoma macho. Mchumba wangu anakusalimia sana. Bado yuko pale pale kwenye duka la miwani, na anasema ukija harusini atakupima macho kwa mkono wake.

Harusi yenyewe tumeisogeza mbele kidogo. Usiwe na wasiwasi. Nimefanyiwa upasuaji mdogo wa henia, hapa kwenye kinena. Kazi yetu ni ya kubeba vitu vizito, haya mambo hutokea. Nimeshatoka hospitali, niko chumbani kwangu. Natembea kama bata, lakini natembea.

Msalimie kaka yangu Nondo na shemeji. Mwambie Nondo ule mchoro wa geti alionitumia nimemwonyesha bosi, ameupenda.

Ni mimi mumeo,
Kijiko

*

21 Februari

Mume wangu Kijiko,

Marahaba. Nondo anaandika hapa mezani, mimi nasema. Shemeji yako anapiga pasi na anakusalimia. Sisi wazima. Jicho la kushoto linaona ukungu mtupu, la kulia bado linamtambua mwizi. Paa la jikoni lilivuja, Nondo akapanda akaligongelea bati, sasa halivuji ila linapiga ngoma mvua ikinyesha. Karakana yao imepata kazi ya madirisha ya shule, wanachomelea vyuma mpaka jioni.

Sasa tuzungumze kama mke na mume. Babu yako aliishi na henia miaka mingi, akaoa nayo, akazaa nayo, akailaza kitandani kama mtoto wa tatu. Henia haimfanyi mtu aahirishe harusi. Halafu barua yako haina hata lalamiko moja. Hujalalamikia chumba, hujalalamikia bosi, hujalalamikia upishi wako. Nimekulea tangu wazazi wenu walipotutoka, nakujua. Ukisema uongo unakuwa na adabu nyingi mno.

Umekatwa nini?

(Mdogo wangu, mimi naandika tu ninachoambiwa, lakini na mimi nauliza hivyo hivyo. Sema ukweli. Na huyo bosi wako, akitaka geti, aje. Nondo.)

Mkeo anayengoja jibu,
Bibi

*

10 Machi

Bibi,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Nondo, kama umesimama, na wewe kaa.

Mwishoni mwa mwaka, nikiwa naoga, niligusa kitu kigumu kwenye kende ya kulia. Kidogo, kama punje iliyonasa. Hakikuniuma, na kwa sababu hakikuniuma nikakiacha. Kufika Januari kende yote ilikuwa nzito, imekuwa kama yai. Siku moja niko kwenye chumba cha mashine juu ya paa la jengo, nimeinama kufunga bolti, nikahisi kama nimebeba kitu kisicho changu. Nikaenda zahanati ya mtaani.

Daktari wa pale alinipapasa, akaniambia nikakojoe kwenye kichupa. Baadaye mpimaji akatoka maabara ameshika kile kijiti cha kupimia wanawake. Akatazama kadi, akanitazama mimi, akatazama kijiti.

"Huu mkojo ni wako?"

"Wangu."

"Hujachanganya na wa mkeo?"

"Sina mke."

"Basi mbona una mimba?"

Watu wote kwenye benchi waligeuka, Bibi. Mistari miwili, myekundu kabisa. Mimi mwenyewe nilicheka. Aliyekataa kucheka ni daktari. Aliniingiza ndani, akafunga mlango, akasema kuna uvimbe wa kende unaomwaga kwenye damu kitu kile kile kinachomwagwa na mimba. Akasema: "Kesho asubuhi uwe hospitali kubwa. Usipitie kazini kuaga."

Ni saratani, Bibi. Ndiyo iliyokatwa. Wameitoa kende nzima kupitia kinenani, ndiyo maana nikapata mdomo wa kusema henia. Kisha wakanipiga picha. Nimeyaona mapafu yangu yamewekwa kwenye taa, yana vidoadoa kama kioo kilichorushiwa chokaa. Na tumboni kuna tezi zimevimba.

Nilijiona maiti. Daktari wangu hapa ni mama mmoja wa maneno machache. Akasema: "Utapona." Nikamwambia asinidanganye kama mtoto, imeshafika mapafuni. Akasema: "Saratani nyingi zikifika hapo tunazungumza lugha nyingine. Hii inaisikia dawa. Waliokuja kama wewe, wengi mno wako makazini kwao leo. Lakini dawa ni kali, na lazima uimalize." Nikatoka mle ndani sijui nimeambiwa nitakufa au nitaishi. Mpaka sasa nikiandika sijui.

Mchumba wangu bado anajua ni henia.

Jambo la mwisho, na hili Nondo alisome mara mbili. Daktari ameniuliza kama nina ndugu wa kiume wa tumbo moja. Nikasema ninaye mmoja. Amesema ndugu wa mtu mwenye ugonjwa huu yuko kwenye hatari zaidi kuliko watu wengine. Ajipapase mwenyewe bafuni. Akikuta kitu kigumu, hata kama hakiumi, aende hospitali mara moja. Kikiwa bado kidogo, mara nyingi wanakitoa na mambo yameisha.

Niombeeni.

Kijiko

*

29 Machi

Mume wangu,

Nilikaa chini kama ulivyosema, na kuinuka imekuwa kazi. Saratani! Wewe, hata ndevu hazijakukolea! Hizo kende nimeziosha mimi kwa mikono yangu, nimezipaka mafuta, umenikojolea usoni ukiwa hivi. Nani kazigusa?

Nilipofika pale pa mimba nilicheka. Kisha nikalia. Kisha nikacheka tena, shemeji yako akadhani nimerukwa na akili. Nondo alisoma, sauti ikamkatika katikati, akaenda kunywa maji, akarudi akamalizia. Sijawahi kumwona hivyo, yule ambaye cheche za moto zinamwangukia mkononi anazipukuta kama vumbi.

Sikiliza. Huyo daktari wako akisema utapona, mwamini yeye, usiniamini mimi, kwa sababu mimi naogopa. Umalize dawa. Na mwambie mchumba wako. Kitanda mtakachokilalia ni kimoja, sasa utamficha wapi? Akikimbia, akimbie mapema. Mimi bado nipo, na sikudai kende mbili.

Mkeo,
Bibi

(Pole, mdogo wangu. Nondo.)

*

6 Mei

Bibi, mke wangu,

Shikamoo. Herufi zikiyumba usimlaumu Nondo kwa kusoma vibaya, mkono ndio unayumba.

Dawa inaingia kwa dripu, siku tano mfululizo, kisha wanakuacha upumue, kisha wanakurudisha. Nimemaliza mizunguko miwili, imebaki miwili. Nywele zimetoka zote, mpaka nyusi. Nikijitazama kwenye kioo namwona mtu aliyechorwa nusu. Maji yana ladha ya chuma. Masikio yanapiga mluzi usiokoma. Tuko sita wodini. Wa kitanda cha dirishani ni mwalimu wa hesabu, na yeye ugonjwa wake ni huu huu, amenizidi mzunguko mmoja, ameanza kudai chakula kwa kelele. Namtazama yeye kama mtu anayetazama saa.

Nilimwambia mchumba. Nilimfuata dukani wakati wa kufunga, anafuta vioo. Nilimwambia yote, nikaona uso unabadilika. Akasema, "Henia?" Akatupa kitambaa. "Yaani nimekupikia uji wa henia?" Akavuta mlango wa bati mpaka chini kwa nguvu, mtaa mzima ukageuka, akaondoka. Nikasema basi, ndiyo imeisha. Siku chache baadaye natapika, nainua kichwa, namwona amesimama pembeni ya kitanda na taulo begani. Akaniambia: "Nimekuja kugombana na wewe. Lakini lete kwanza hilo beseni nikushikie."

Ndiyo tunagombana mpaka leo, kila jioni, saa ya kutazama wagonjwa.

Nondo amejipima? Hamkunijibu. Daktari ameniuliza tena.

Kijiko

*

30 Mei

Kijiko,

Marahaba. Barua imefika. Tumefurahi kusikia dawa inaendelea vizuri na kwamba mchumba yuko karibu. Hapa nyumbani sote ni wazima wa afya, hakuna tatizo lolote. Kazi za karakana zinakwenda vizuri. Nondo mzima. Endelea kumeza dawa na kumsikiliza daktari. Tunakuombea upone haraka.

Bibi

*

18 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi.

Nimemaliza mizunguko yote minne. Wakanipima damu, wakanipiga picha upya, wakaniambia nirudi kusikiliza majibu. Nilikwenda nimevaa shati langu la harusi, maana nilisema kama ni kuambiwa nakufa, niambiwe nikiwa msafi. Mchumba alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete ikanikata.

Daktari akaweka picha kwenye taa. Mapafu hayana doa, Bibi. Yaani safi. Nikamwambia, "Hizi si zangu." Akageuza picha nikaona jina. Tezi za tumboni zimenywea. Kile kitu cha mimba kwenye damu hakipo kabisa. Akasema nitakuwa narudi kupimwa mara kwa mara, kwa miaka, na nikiona mabadiliko yoyote nisingoje siku ya kadi. Kisha akasema, "Nenda nyumbani."

Nikamuuliza, "Nyumbani wapi?" Mimi nilikuwa nimeshagawa vitu vyangu, Bibi. Bisibisi zangu nilimpa mwenzangu wa kazini. Blanketi nilimwahidi mwalimu wa hesabu, kumbe na yeye ameshatoka, anafundisha. Nimesimama kwenye korido ya hospitali watu wananipita, sina pa kuelekea, kama mtu aliyeshuka kituo asichokijua. Nilitayarisha kila kitu isipokuwa kuishi.

Vidole vya mikono na miguu vina ganzi, sishiki msumari mdogo. Masikio hayasikii tena sauti nyembamba, kengele ya lifti naiona ikiwaka tu. Bosi ameniweka ofisini kwa sasa.

Lakini wewe, Bibi, umenuna? Barua yako ya mwisho haikuniita mume hata mara moja. Haikuniuliza kama nakula. Na naandika hili kwa mara ya tatu: Nondo amejipima au hajajipima? Kaka, najua ndiye unayesoma hapa. Nijibu wewe mwenyewe.

Mumeo aliye hai,
Kijiko

*

4 Septemba

Mume wangu,

Mwandiko huu ni wa shemeji yako. Anakuja nao yeye mwenyewe, na Nondo anakuja naye. Ukifungua mlango ukawaona, soma hii kwanza kabla hujamuuliza kitu.

Barua yako ilifika Nondo akiwa amelazwa zahanati. Alikohoa damu karakanani, wenzake wakambeba. Basi nikamwambia shemeji yako anisomee. Akasoma, mimi nashangilia, napiga vigelegele peke yangu humu ndani, mpaka akafika kwenye neno "mara ya tatu". Nikasema simama. Mara ya tatu ya nini? Mimi sijasikia ya kwanza.

Tukazitoa barua zako zote kabatini. Akanisomea upya, moja moja. Ndipo nikasikia habari ya ndugu wa tumbo moja. Nondo aliiruka, mume wangu. Alikaa kwenye kiti kile kile, akanisomea mapafu yako na mimba yako, akafika hapo akaenda kunywa maji, akarudi akasoma "niombeeni". Na ile barua ya Mei sikuisema mimi. Nilimwambia akuandikie kwamba kaka yako anaumwa mgongo, analala amekaa, amekonda mpaka mkanda umetobolewa tundu jipya. Akainamisha kichwa akaandika, nikasikia kalamu inakwenda, nikaridhika.

Nilikwenda zahanati. Nikamwambia, "Ulinisomea nusu?" Akageukia ukutani. Nikawatoa watu nje. Nikamwambia, "Mimi ni mke wako. Vua."

Sitasema nilichokiona. Shemeji yako alikuwa mlangoni, alikaa chini sakafuni pale pale. Tangu mwaka jana Nondo alikuwa anampa mgongo kitandani, na yeye akidhani amechokwa.

Mpeleke kwa yule mama wa maneno machache. Leo.

Bibi

*

22 Septemba

Bibi,

Shikamoo. Nilifungua mlango nikaona mzee ameegemea ukuta, nikataka kumuuliza anamtafuta nani.

Tulimpeleka siku ile ile. Wamemfanyia upasuaji, na dripu imeanza. Amelazwa wodi yangu ile ile, kitanda cha mlangoni. Anakula uji kidogo. Shuka wanabadilisha kila asubuhi. Shemeji analala chumbani kwangu, mimi nimehamia kwa mwenzangu wa kazini. Mchumba anamletea maji ya kuoga. Manesi wananipita hawanitambui kwa sababu nywele zimerudi, nyingi kuliko za zamani, zimejikunja.

Nilimuuliza alipopata nguvu. Alisema, "Nilikuwa nacho kabla yako." Nikamwambia basi mbona ulinyamaza. Akatazama kama shemeji yupo, hakuwepo. Akasema, "Miaka minne hatuna mtoto. Wakwe zangu wananisalimia huku wanatazama suruali. Halafu nikakatwe? Mimi naitwa Nondo. Nondo hakatwi."

Nikamwambia, "Karakanani kwako unakata nondo kila siku."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nesi akanifukuza.

Daktari anasema tusubiri.

Kijiko

*

9 Oktoba

Kijiko,

Anayeandika ni jirani yangu mshonaji, na nimemwapisha aandike kila neno.

Unaniandikia uji na rangi ya shuka. Wewe daktari alikwambia "utapona", uliniandikia neno lenyewe. Kwa Nondo kasemaje? "Tusubiri" ni lako au ni lake? Kitanda cha mlangoni wanamlaza mtu wa hali gani?

Nimeshasomewa nusu mara moja. Usinisomee nusu na wewe.

Bibi

*

14 Januari

Bibi,

Shikamoo. Nimefika salama. Basi lilichelewa njiani, lakini nimefika.

Barua yako ya Oktoba sikuijibu. Nilikuja na jeneza badala ya jibu. Na pale msibani watu walikuwa wengi, kila nikikukaribia mtu ananipa pole, na wewe ulinishika uso tu. Naandika sasa. Yote.

Siku ya kwanza daktari alinichukua pembeni. Imeenda mapafuni, kwenye ini, na kichwani. Nikamwambia, "Lakini ulisema hii inasikia dawa." Akasema, "Inasikia. Hata wa hali hii wapo wanaopona na wapo wasiopona, na siwezi kukwambia yeye ni yupi. Ningempata Machi, ningekujibu kama nilivyokujibu wewe." Nilishindwa kukuandikia hilo la Machi, Bibi. Kalamu ilikataa. Nikakuandikia shuka.

Mzunguko wa kwanza ulimsaidia. Nakuapia. Damu ilionyesha ugonjwa unashuka, akaanza kumtania shemeji, akaomba karatasi akachora kitanda cha wagonjwa ambacho hakipigi kelele ukijigeuza. Siku hiyo ndiyo aliniambia lililobaki.

Alisema, "Unajua mimi sikukataa hospitali."

Nikasema, "Ulifanya nini basi?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe. Uliandika imefika mapafuni na bado utapona. Nikasema kama ni kweli, na mimi ninao muda. Kama ni uongo, kukatwa kwa faida gani? Kijiko akipona, nitakwenda."

Alisema bila kujitetea, kama mtu anayekueleza alivyopanga kazi zake za wiki. Bibi, mimi nilipokuwa natapika, najipa moyo kwamba kaka yangu yuko nyumbani mzima, yeye alikuwa kitini kwako anahesabia dripu zangu.

Mzunguko wa pili mapafu yalianza kuvuja damu. Ilikuwa mchana, wodi imejaa jua. Shemeji alikuwa ameshuka kufua. Nondo akaniambia joto, nifungue dirisha. Lile dirisha ni bovu, bawaba imepinda, akaanza kunielekeza: "Inua kwanza, ndiyo usukume. Inua kwanza." Nikainua, nikasukuma, likafunguka. Nikageuka kumwambia limefunguka. Manesi walikuwa wameshamzunguka.

Jana nilikuwa na miadi yangu ya kupimwa. Damu safi, picha safi. Daktari akanipa mkono. Nilimuuliza kwa nini yeye si mimi, tumbo moja, ugonjwa mmoja. Akasema, "Wewe ulikuja." Kisha akavua miwani akaifuta muda mrefu, nikaona hata yeye hakulipenda jibu lake.

Sina la kuongeza. Mimi ni mzima wa mwili.

Kijiko

*

2 Machi

Mume wangu,

Marahaba. Shemeji yako amerudi kukaa na mimi, ndiye anayeandika. Nilimwambia aende kwao kama anataka. Akasema atakaa. Anakusalimia. Kitanda alichokichora Nondo amekibandika ukutani.

Nilisomewa barua yako mara moja, nikaomba iwekwe. Nimeshtuka kwa sababu niliyoijua ilikuwa nusu tu ya uchungu. Yule mtoto alikuwa anangoja foleni! Yuko kwenye kiti, mkono wangu unamfikia, anangoja foleni nyuma yako. Sina pa kulitia hilo neno.

Wewe usilibebe. Nakukataza kama bibi yako, si kama mke. Ulimwandikia mara tatu.

Watu hapa wanasema Nondo alikufa na kifua. Wanaume wa karakana walikuja kunipa pole, wote wanasema kifua, moshi wa kuchomelea, kifua. Nikavumilia. Wiki iliyopita nikachoka. Nilimwambia shemeji yako anishike mkono, tukaenda karakanani mchana, mashine zinaunguruma. Nikasema zizimeni. Wakazizima. Nikawaambia: "Nondo hakufa na kifua. Alikuwa na saratani ya kende, ilianza kama punje, akaificha. Mdogo wake alikuwa nayo, akaisema, yuko hai, anaoa Juni. Haya, nyie mnazo ngapi na mmezipapasa lini?"

Mume wangu, ungewaona! Wanaume na vifua vyao, wanatazama chini kama watoto waliovunja sahani. Mmoja akacheka. Nikamwambia, "Cheka, lakini uchekee bafuni, mkono ukiwa kazini." Shemeji yako hakuinamisha kichwa. Alisimama pale pembeni yangu akawatazama mmoja mmoja mpaka mwisho. Tukaondoka, nyuma yetu hakuna aliyewasha mashine.

Nikasema nimejiaibisha bure, kikongwe mimi, naongea kende hadharani.

Juzi asubuhi nafagia mlangoni, nikaona kivuli kimesimama. Jicho la kulia likamtambua: yule jitu anayepaka rangi mageti, aliyembeba Nondo siku ile. Amesimama tu, anazungusha kofia. Nikamuuliza unataka nini. Akasema, "Bibi, kile ulichosema..." Nikamuuliza kinauma? Akatikisa kichwa, hapana. Nikamuuliza umemwambia mkeo? Hapana.

Nikatupa ufagio. Nikamwambia, "Vaa viatu, twende."

Akaniambia, "Nimevaa, Bibi."

Kumbe aliyekuwa pekupeku ni mimi.

Mkeo